Tulivyolijengea Tawi la Pangani Saraka Yake

Wanangu wa chumba cha kompyuta, mliniaga kwa pilau, mkanipa doti ya khanga, halafu mkaniambia, "Bi Mwanaidi, utuandikie basi, tusije tukapotea." Haya, nimekaa barazani kwangu Ngamiani, kahawa iko pembeni, naandika. Vyeo sivisemi. Mshahara ndio kabisa, kwa sababu aliyeujua atanihurumia na asiyeujua atakuja kunikopa. Nitasema kazi. Na katika kazi zote nitakaa zaidi kwenye ile ya tawi la Pangani, ambalo tulilipangia saraka ya mtandao huku hatujui kama litabaki kwetu au litaondoka. Ilinitoa jasho ile, na ndiyo ninayoipenda mpaka leo.

Nianze mwanzo lakini. Siku ya kwanza nilifika Raskazone na viatu vya kisigino. Ofisi, kama mjuavyo, iko kwenye jumba la kikoloni lenye kuta nene kupita kiasi, zilizojengwa na watu waliodhani hawataondoka. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutoboa ukuta mmojawapo tupitishe waya. Mzee Semkiwa, fundi mkuu wetu, Mbondei wa Muheza aliyezeekea kwenye simu za mezani, alinitazama miguuni akaniuliza, "Binti, umekuja kazini au umekuja kuposwa?" Watu wakacheka, mie nikanuna. Kesho yake nikaja na malapa. Akanikabidhi drili, akasema sasa tunaweza kusalimiana. Ukuta ule ulikula biti zote tulizokuwa nazo, tukaenda kununua nyingine.

Mzee Semkiwa ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinifundisha majina ya vitu tu. Alikuwa na sheria moja: chora kwanza, shika waya baadaye. Ukigusa waya kabla ya kuchora, alikunyang'anya koleo, akaliweka mfukoni, akaenda kunywa chai nalo. Tulikuwa na koleo la kubania vichwa vya waya, kipimio chenye vitaa, utepe mweupe na kalamu ya wino usiotoka, na kila waya tuliuandika jina pande zote mbili. Nyie mnaniambia siku hizi kila kitu kiko hewani. Sawa, lakini hewa nayo ikigoma, sijui mtaifuata wapi na koleo.

Kesi ngumu zilikuwepo. Chumvi ya bahari ilikula vichwa vya waya, tukabadilisha, ikala tena. Mjusi alijikausha ndani ya rauta. Lakini iliyonitesa kuliko zote ni ile ya Ijumaa. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri mtandao wa jengo zima ulikufa, ukakaa hivyo kidogo, ukafufuka wenyewe. Nilibadilisha swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, nilibadilisha nyaya, nilifika mahali nikataka kusoma Yasini. Ijumaa moja nikajibanza nyuma ya kabati la seva, ile kompyuta kuu, nione kunani. Akaingia mhudumu, akachomoa swichi yangu, akachomeka pasi. Alikuwa anampigia pasi kanzu Bwana Khalfan, mkurugenzi wetu, ya kwenda nayo msikitini, na soketi ya chumba cha seva ndiyo peke yake jengo zima iliyokuwa haizimi. Nikaenda kwa Bwana Khalfan. Nikamwambia, "Bwana, chagua: kanzu au mtandao." Akasema bila kufikiri, "Kanzu." Basi tukaweka soketi ya pili, na mhudumu yule tukawa marafiki.

Sasa Pangani.

Kampuni, kwa wale mliokuja jana, marehemu baba yao aliwaachia watoto wawili. Bwana Khalfan alikaa Raskazone na vifaa vya ujenzi. Dada yake wa tumbo moja, Bi Rukia, alikuwa Pangani na nazi, mafuta ya nazi na kamba za makumbi. Tawi lile alilianzisha yeye kwenye chumba kimoja karibu na kivuko, likakua mpaka likawa na watu wake, maghala yake na wateja wasiotujua sisi wa Tanga kabisa. Likazuka neno kwamba Bi Rukia anataka kujitegemea. Bwana Khalfan hakutaka kulisikia. Hata neno "kutengana" halikutamkwa ofisini, lilikuwa linaitwa "ile habari", kama ugonjwa wa aibu. Mimi hunishindi kwa hilo: mficha uchi hazai. Jambo linaloweza kutokea, lipangie kabla halijafika, usingoje likukute umevaa upande.

Masika yalipoingia, laini ya Pangani ikawa inakatika kila mara, watu wa tawi wakikaa mikono mitupu kwa sababu seva iko Raskazone. Bwana Khalfan akaniita, akasema, "Bi Mwanaidi, wapelekee seva yao na uwapangie saraka. Nenda kaangalie."

Saraka ya mtandao ni kitu chepesi kueleza. Ni mahali seva inapoweka majina ya watu wote wa kazini: huyu ni nani, faili zipi ni zake, printa ipi atumie, wapi asiingie. Asubuhi ukiandika jina lako na nywila, seva inaiuliza saraka, na saraka inajibu namjua au simjui. Ikikufuta, hata kama umetumika pale tangu ujana, kompyuta inakutazama kama mpita njia.

Nikaenda Pangani. Ghalani nikamkuta Mzee Bakari, msimamizi wa nazi, mtu mzima kuliko mie, kofia yake imekaa upande.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kwanza dafu."

Nikanywa dafu, nikamwomba anionyeshe anavyoingia kwenye kompyuta. Akaandika taratibu kwa kidole kimoja: rukia.

"Mzee, wewe ndiye Rukia?"

"Humu sote ni Rukia," akasema, wala hakutikisika.

Nikadhani ananitania. Nikazunguka meza zote. Karani wa mauzo ni Rukia, dereva ni Rukia, vijana wa mashine ya kamba ni Rukia, na nywila imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala, maandishi makubwa, mpaka mbuzi wa Pangani wanaijua. Nikauliza kwa nini. Zubeda, karani aliyekuwa na ulimi na akili kwa pamoja, akanijibu, "Bi Mwanaidi, mwenzio akikuuliza nywila utamnyima? Si atasema una roho ya korosho?"

Msiwacheke. Kwetu pwani mtu akiomba chumvi hapewi maelezo, anapewa chumvi. Kumwambia mwenzio "hii ni yangu, sikwambii" ni kumtukana. Hakuna fundi wa ng'ambo ambaye angeliwazia kosa lile, na hakuna mtu wa Pangani ambaye angeliona ni kosa. Lakini mie niliona hatari. Saraka ilikuwa inamjua mtu mmoja tu wa Pangani, na jina hilo moja lilikuwa linakaa kwenye seva ya Bwana Khalfan. Akilifuta yeye kwa hasira, kitu cha kubofya mara moja, Pangani nzima inakuwa nje, pamoja na hesabu za maghala, barua za wateja na kila walichokiandika kwa miaka.

Nikawauliza, "Ule mpango wa magari ya kupeleka mafuta, tulioambiwa juzi umefutwa, nani aliufuta?"

Zubeda akasema, "Kompyuta inasema Rukia."

"Rukia yupi?"

Dereva akaangalia dari. Kumbe Bi Rukia mwenyewe alishajilaumu siku nzima akidhani ameufuta yeye.

Mzee Bakari akavua kofia, akajikuna. "Basi mwanangu nipe jina langu. Nisije nikafa nikiwa Rukia."

Lo, kilicheka kile chumba! Tangu hapo sikuhitaji kumbembeleza mtu. Kila mmoja alitaka lake, na tulipofika kwa kina Mwanahamisi, ambao walikuwa watatu, ilibidi tutumie majina ya baba zao, mmoja akakataa baba yake akataka mumewe, mwenzake akamwambia wanaume wanabadilika, baba habadiliki. Akakubali baba. Na hili mlishike: jina la mtu kwenye saraka mpe la kudumu naye.

Nilipokuwa naondoka, Bi Rukia alinishika mkono akanipeleka pembeni, pale gari la makumbi linaposimama. Alikuwa mama wa heshima, haongei ovyo. Akaniambia, "Dada Mwanaidi, wewe huniongopei. Nikiondoka leo, naondoka na nini?"

Nilitamani kumdanganya. "Ukiondoka leo, Bi Rukia, unaondoka na mkoba wako."

Akainamisha kichwa. "Na watu wangu?"

"Watu utaondoka nao. Kazi yao itabaki Raskazone."

Hakulia, lakini alikunja ncha ya mtandio akaikunjua, akaikunja tena. Njia nzima ya kurudi Tanga moyo uliniuma. Mama yule amejenga kitu kwa mikono yake, na siku akitaka kusimama peke yake ataanza upya kama aliyeunguliwa nyumba. Na ufunguo wa kuzuia hilo lisitokee ulikuwa kwenye mchoro wangu mie.

Nikachora. Nikampelekea Bwana Khalfan njia tatu, na kwa kuwa naye amekulia Ngamiani kabla hawajahamia Raskazone, nilimwelezea kwa mfano wa nyumba zetu.

Njia ya kwanza ni chumba. Nyumba ya Kiswahili ina mlango mmoja wa mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Tawi linapewa chumba ndani ya saraka ya makao makuu. Ni rahisi kuangalia, na kwa tawi lisilokwenda popote ndiyo ningeichagua. Ila anayehama chumba anatoa kitu kimoja kimoja, na mwenye nyumba amesimama ukumbini anamtazama.

Njia ya pili ni banda la uani. Hili lina mlango wake, jiko lake, hata jina lake, na anayekaa humo anajiona yuko kwake. Lakini akitaka kwenda barabarani lazima apite ukumbini kwa watu, na siku akihama hawezi kuling'oa banda akaondoka nalo. Mafundi wengi huingia hapa. Wanaona saraka ndogo chini ya saraka kubwa, ina seva yake na jina lake, wanadhani inakatika. Haikatiki, wanangu. Imeota kwenye mzizi wa kubwa, ukiikata inakauka.

Njia ya tatu ni nyumba mbili, kila moja kwenye kiwanja chake, na mlango mdogo kwenye ukuta wa uani, ule wanaopitia kina mama kupelekeana mboga bila kuzunguka barabarani. Saraka mbili kamili. Mlango ni makubaliano tu: huyu mliyemtambua ninyi, sisi tutamwamini. Mkigombana, au mkiachana kwa wema, mlango unafungwa na kila nyumba inabaki na mlango wake wa barabarani.

Bwana Khalfan alisikiliza vizuri. Halafu akatabasamu. "Mpe banda la uani," akasema. "Ajione ana kwake."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. "Bwana Khalfan, mie najenga mtandao, sijengi mtego."

"Nani kasema mtego? Ni dada yangu yule."

"Ndiyo maana."

Akaniambia nimezidi mdomo. Nikatoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nikachukua jembe. Nikampigia simu Mzee Semkiwa, aliyekuwa ameshastaafu yuko Muheza na machungwa yake, nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja tu: "Hilo banda la uani, anayelala humo hajui dirisha la jikoni halina komeo?"

"Mzee, unasemaje?"

"Nasema mwenye nyumba anaogopa banda litaondoka. Angeogopa banda litaingia ndani."

Nikapiga kelele kwenye simu kwa furaha. Alikuwa hajui hata seva ya kisasa ikoje, lakini nyumba alizijua, na lile ndilo jambo lenyewe. Saraka zikiwa na mzizi mmoja, aliyeishika seva ya banda, akiwa na ujuzi na nia mbaya, anaweza kujipandisha mpaka awe mwenye nyumba kubwa. Ukuta wa kweli uko kwenye mpaka wa kiwanja, si kwenye mlango wa banda.

Nikachukua kompyuta mbili chakavu, nikazifanya moja Raskazone, moja Pangani, nikajenga banda la uani la majaribio. Nikamwita Bwana Khalfan akae mbele ya ile ya Raskazone. Kwenye ile ya Pangani nikakaa mie. Nikafanya nilichofanya, hamtahitaji kukijua hapa, halafu nikamwambia, "Fungua faili la barua zako."

Akafungua. Ndani nilikuwa nimemwandikia: Assalaam aleikum, kahawa yako imepoa.

"Umeingiaje humu?" Uso ulimbadilika kweli.

"Kupitia banda."

"Rukia hawezi kunifanyia hivi."

"Bi Rukia hawezi. Lakini seva itakaa ghalani, Bwana, na mlango wa ghala lile una nywila ya chaki. Unamfunga dada yako ndani, unamwachia mwizi dirisha."

Akachezea kalamu. Mwisho akasema, na sauti haikuwa ya mkurugenzi tena, "Wewe unataka aondoke."

"Hapana wallahi. Mie nataka akikaa, akae kwa kupenda."

Alinyanyuka akatoka bila kuaga. Nikajua nimefukuzwa kazi, nikaanza hata kukusanya vikombe vyangu. Kesho yake asubuhi akapita mlangoni, hakuingia, akasema tu, "Jenga nyumba mbili," akaendelea na njia yake. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tulivyojenga, niwaambie yale ya kubaki nayo. Saraka ya tawi msiipe jina la kampuni. Tuliipa jina la kawaida lisilo na ukoo, kwa sababu mtu akihama na jina la mwenye nyumba atalazimika kubadilisha kila kibao. Ruhusa za faili wapeni vikundi, kikundi cha ghala, kikundi cha mauzo, msizibandike kwa mtu mmoja mmoja. Nakala za akiba za Pangani zikae Pangani. Na ufunguo mkuu awe nao mtu wa kule, si mie. Nilimchagua Zubeda. Mwanzo alilia, akasema ataharibu. Nikamwambia ataharibu, ndiyo, na atatengeneza. Aliharibu mara moja, printa zote zikawa zinachapa ofisini kwa Bi Rukia, akatengeneza mwenyewe.

Siku majina mapya yalipoanza, Bi Rukia aliandika lake, akaingia, akageuka akawaambia, "Haya, kuanzia leo Rukia nimebaki mmoja." Wakampigia vigelegele.

Mvua tuliifanya mkaguzi wetu. Kila masika yalipokata laini, nilikuwa namuuliza Zubeda kwa simu, "Nini kimesimama?" Kilichosimama ndicho kilichokuwa bado kinategemea Raskazone. Mara ya kwanza vilisimama vitu vingi, nikaona haya. Tulivihamishia Pangani kimoja kimoja. Yakafika masika mengine nikampigia, akaniuliza, "Kwani laini imekatika?" Nikajua tumefika.

Na ile habari ikaja kweli. Safari hii iliitwa kwa jina lake. Bi Rukia alikuja Raskazone, akakaa na kaka yake mchana mzima, mlango umefungwa, sisi nje tunajifanya tunafanya kazi. Sauti zilipanda, zikashuka. Chai ikaingia, ikatoka haijanywewa, ikaingia nyingine. Mwisho tukasikia Fatiha, sauti mbili pamoja, na Bwana Khalfan akatoka macho mekundu akaniambia, "Bi Mwanaidi, funga mlango wa uani. Kila mtu na nyumba yake."

Tulifunga Jumamosi, mie Raskazone, Zubeda Pangani, simu masikioni. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Karatasi inasema hakuna kitakachovunjika, lakini karatasi haijawahi kulaumiwa. Jumatatu nikawahi Pangani niwe nao watu wakiingia. Wakaja, wakasalimiana, wakawasha, wakaandika majina yao. Kina Mwanahamisi wote watatu wakaingia. Faili zikafunguka. Printa ikachapa. Nikawa nazunguka natafuta tatizo, sioni.

Mzee Bakari akaniita. "Mwanangu, huku kutengana kunaanza lini? Nataka niwahi kumaliza ya nazi kabla mambo hayajaharibika."

"Tumeshatengana, Mzee. Tangu Jumamosi."

"Ebo!" Akaitazama kompyuta, akanitazama. "Mbona sikusikia kitu?"

Nilimkumbatia mzee wa watu mbele ya kadamnasi, Mungu anisamehe. Bi Rukia alikuwa amesimama mlangoni, akaniambia, "Dada, nimeondoka na kila kitu changu." Hapo ndipo nilipolia, na sina la kuongeza.

Kilichobaki ni cha wiki yangu ya mwisho kazini, na wengine mlikuwepo lakini mlikuwa mnahangaika na pilau. Bwana Khalfan alikuja chumba cha kompyuta mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akajifanya anaangalia nyaya. Wateja wa Tanga, akasema, wanamuuliza mafuta ya nazi ya Pangani yako kiasi gani ghalani, na zamani alikuwa anafungua tu anaona.

"Sasa inasema sina ruhusa."

"Zamani ulikuwa unaangalia kwako," nikamwambia. "Sasa ni kwa watu."

"Unaweza kunifungulia?"

"Siwezi, Bwana. Kwa mpango tulioujenga, ruhusa ya kuingia kule inatolewa kule."

Akasimama. Amezoea kuamuru yule, na nikaona jinsi neno lilivyomkwama. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mpigie basi. Mwambie..." Akakohoa. "Mwambie napiga hodi."

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje. "Bi Rukia, kaka yako yuko hapa kwangu. Anapiga hodi."

Nyuma yake zilisikika mashine za kamba na mtu anacheka. Bwana Khalfan alikuwa anaitazama simu ile kama kijana aliyepeleka posa.

"Mwambie karibu," akasema Bi Rukia, na sauti ilikuwa imelowa. "Lakini viatu avue mlangoni."

Bwana Khalfan akacheka mpaka akageukia dirishani kujifuta macho. Mie nilitoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka mapajani, tukakaa wote wawili kumngoja Zubeda afungue kutoka ndani.